Boshori ya mtoto na skafu ya Kanada: uzi gani, sindano namba ngapi?

Mfumaji wa Lanet (Nakuru)

Hamjambo wafumaji. Nataka kufuma boshori ya mtoto atakayezaliwa Julai, baridi ikiwa kali hapa Nakuru, na skafu ya dada aliye Kanada. Nina vibonge vinne vya akriliki ya dabo niti (uzi wa unene wa kati), gramu 50 kila kimoja, na sindano namba 8. Maelezo ya mtandaoni yanasema namba 8 hiyohiyo, vitanzi 18 kwa sentimita 10. Mimi napata 22. Tena kipande cha majaribio kinajikunja kingo zote. Nimeshika uzi kwa nguvu mno au nini?

Sindano Mbili

Mkono wako hauna shida. Sindano zinazouzwa hapa nyingi bado zina namba za Kiingereza za zamani, ambapo namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba: namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Hayo maelezo yako ni ya Kimarekani, na kwa vitanzi 18 yameandikiwa uzi mnene kuliko dabo niti. Ukichukua sindano ya milimita 5 na uzi huo wako unaweza kufikia vitanzi 18, lakini kitambaa kitakuwa wavu, upepo unapita. Achana nayo. Vitanzi 22 kwa sentimita 10 ndicho kipimo halali cha dabo niti kwa milimita 4.

Kichwa cha mtoto mchanga ni kama sentimita 35 kuzunguka. Boshori inatakiwa iwe ndogo kidogo ili ishike, kama 32 au 33. Kwa hiyo:

Anzisha vitanzi 74 kwa sindano namba 10 (72 vya kofia, kimoja kila ukingo cha kushonea). Anzisha kwa kulegea, la sivyo mdomo wa kofia utaacha alama kwenye paji la uso. Fuma pleni 2 (kitanzi kinachotoka laini mbele), pali 2 (kinachoacha nundu mbele), ukimalizia na pleni 2; safu ya kurudi ianze na kuishia kwa pali 2. Endelea hadi sentimita 4. Hamia namba 8, safu moja pleni, safu moja pali, mpaka jumla ifike sentimita 11 kutoka chini. Mwisho uwe safu ya pali.

Kupunguza: kitanzi 1 cha ukingo, kisha (pleni 7, fuma viwili pamoja) mara 8, kitanzi 1 cha ukingo. Vinabaki 66. Rudi na pali. Safu inayofuata ni pleni 6 na viwili pamoja, kisha pleni 5, hivyo hivyo, kila mara ukirudi na pali, mpaka vibaki 10. Kata uzi ukiacha sentimita 30, upitishe kwenye vitanzi vyote 10, uvute, ushone ubavu kwa mkia huohuo. Gramu 50 zinatosha.

Pima kipande cha majaribio katikati, si ukingoni. Ukipata 20 badala ya 22, vitanzi 72 vinakuwa sentimita 36 na kofia inamwangukia mtoto machoni. Tofauti ya vitanzi viwili tu!

Usiweke vifungo wala kamba ya kufungia shingoni. Mtoto akilala ndani ya nyumba avuliwe kofia: inaweza kuteleza usoni, na kichwa ndicho kinachompunguzia joto likizidi.

Uzi na Chai (Eldoret)

Kujikunja ni tabia ya pleni upande mmoja na pali upande wa pili. Ubavu unakunjika kuelekea nyuma, juu na chini vinakunjika kuelekea mbele. Kwenye kofia haidhuru, mdomo una mbavu (zile pleni 2, pali 2) na ubavu unashonwa. Kwa skafu usiifume hivyo. Wengine watakuambia uweke mpaka wa vitanzi vitatu kila upande. Hausaidii, skafu yote itajiviringa na mpaka wake. Na usijaribu kuinyoosha kwa pasi: akriliki ikipata joto inalegea na kung'aa, na hairudi.

Fuma pleni kila safu, mbele na nyuma. Vitanzi 44, upana sentimita 20, urefu 160. Tenga gramu 200, maana ufumaji huo unakula uzi. Vibonge vitatu utakavyobaki navyo havitoshi. Nunua nyongeza leo, ukiangalia namba ya loti ya rangi (kundi lililotiwa rangi pamoja) kwenye lebo. Loti tofauti huonekana mstari kabisa mwangani.

Akriliki au sufu? Jiulize nani ataifua. Sufu inavuta unyevu hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujaihisi imelowa, kwa hiyo kwenye theluji ni bora. Lakini ikitupwa kwenye mashine ya maji moto itasinyaa na kuwa ngumu. Boshori ya mtoto inafuliwa kila mara: akriliki, bila mjadala.

Mama Vibonge (Kisumu)

Kama bajeti ya sufu haipo, tafuta sweta za mitumba, soko la Kibuye hazikosi. Geuza ndani uangalie mishono ya ubavuni. Ikiwa imekatwa na kuzungushiwa ovaloki, iache, ukiifumua utapata vipande vifupi vifupi. Unataka ile iliyofumwa kila upande peke yake kisha ikaunganishwa.

Chomoa uzi kidogo uuchome: sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yanasagika, akriliki inayeyuka ikawa shanga ngumu. Ukifumua, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne, loweka maji ya vuguvugu, kamua kwa taulo bila kusokota, tundika. Ukifuma bila kuulowesha, mawimbi ya zamani yatakudanganya kwenye kipimo.

Mfumaji wa Lanet

Asanteni sana. Skafu iwe sufu basi. Mikia ya uzi nifunge fundo?

Sindano Mbili

Hapana, fundo la sufu linachomoza shingoni. Anza kibonge kipya mwanzo wa safu, acha sentimita 15, kisha uupitishe mkia kwa sindano butu ndani ya vitanzi, sentimita 5 kwenda na 3 kurudi. Kwa akriliki rudi mara mbili, inateleza.