Risasi za kipenyo kidogo: mwisho wake ni mnyama gani?

Mfuatanyayo
Wakuu, ubishi huu hauishi kila wanapokutana wawindaji, basi naumwaga hapa. Msimamo wangu: .22 LR (namba hizi zinataja kipenyo cha risasi kwa sehemu za inchi) ni ya sungura, kanga na wa saizi hiyo, inaishia hapo. .223 inaweza kumwangusha paa mdogo ikiwa mikononi mwa anayejua. Zaidi ya hapo isiruhusiwe, hata mpigaji awe hodari namna gani.

Kichwa cha .22 LR, yaani kile kipande kinachoruka, kina uzito wa gramu 2.6 hivi na kwa kawaida hutoka mtutuni na nguvu ya jouli 140 hadi 200. Cha .223, chenye gramu 3.6, kinafika jouli 1,700 na kitu. .308 inapita 3,500. Wengi wakishataja namba hizo wanaona wamemaliza, ila mnyama hafi kwa jouli. Anakufa kwa kuwa moyo au mapafu yametobolewa na damu haifiki tena kwenye ubongo, au kwa kuwa ubongo wenyewe au uti wa mgongo umevunjwa. Kwa hiyo tuulizane: kichwa kikishagonga bega, kitafika ndani kikiwa kizima?

Vichwa vingi vya .223 vimetengenezwa kwa ajili ya wanyama waharibifu wadogo. Gamba la shaba ni jembamba, kinapasuka kikigusa tu. Kwa mbweha hiyo ni sifa. Kwa mnyama mwenye bega nene kinaishia kwenye nyama ya juu, naye anaondoka na jeraha la kutisha lisilofika popote. Huyo hafi leo. Na ukimpata, nyama yote ya bega imejaa chembe za madini ya risasi.

Mtutu Mwembamba
Mkuu, hapo umekishtaki kichwa, kipenyo hujakigusa. Weka kwenye .223 hiyohiyo kichwa cha shaba tupu, au chenye gamba nene lililoshikana na kiini, uone kinavyopanuka na bado kikapenya. Uskoti wanairuhusu kwa roe, yule paa mdogo wa Ulaya, mradi kichwa kisipungue gramu 3.2 na nguvu ya mtutuni isipungue jouli 1,350 hivi. Hao si watu wa kubahatisha.

Halafu Bell, yule mwindaji wa tembo aliyeitwa Bell wa Karamoja, aliua mamia ya tembo kwa .275 wakati wenzake wakibeba bunduki nzito kama mizinga. Mwaka 1953 Bella Twin, mama wa Kicree, wenyeji wa asili wa kule Alberta, Kanada, alimwangusha dubu grizzly wa rekodi ya dunia kwa .22 ya kujaza risasi moja moja. Ukijua pa kuiweka risasi, hayo mengine ni mbwembwe.

Mfuatanyayo
Nilijua Bell atatajwa, sikujua kama angewahi hivi. Bell alipiga vichwa vigumu visivyopanuka, na alipasua mafuvu ya tembo ajue ubongo umekaa wapi. Nani kati yetu amefanya hivyo? Mama Bella hakutoka nyumbani kumwinda dubu. Walikutana naye karibu mno, akampiga kichwani, kisha akaongeza risasi nyingine hapohapo ili awe na hakika. Visa hivyo vinasimuliwa kwa sababu ni vya ajabu. Wanyama waliokimbia na .22 tumboni hawana wa kuwasimulia.

Na hicho kichwa chako cha shaba, ambacho huwa kirefu, kina masharti. Bunduki nyingi za zamani za .223 mifereji yake ya ndani huzungusha kichwa mara moja kila inchi 12. Kichwa kirefu hakitulii humo, kinayumba hewani. Kinahitaji inchi 8 au 7. Waulize wenye .223 mtutu wao unazungusha kwa inchi ngapi, uone wangapi watakujibu.

Binti Shabaha
Kaka zangu, mnapima mnyama na risasi, bega la mpigaji mmeliacha. Bunduki inayopiga teke kali inamfundisha mtu kufumba macho na kukwapua triga. Huyo na .300 yake atajeruhi kuliko mwenye .223 anayevuta pumzi na kutulia. Nimeona wanaume wenye vifua vipana wakishtuka hata pale risasi ilipokuwa haimo.

Ila sielewi kwa nini tung'ang'anie .223 wakati .243 ipo tangu 1955. Teke lake linabebeka, na kichwa chake kinafika gramu 6.5. England, kwa kulungu wakubwa, kiwango cha chini ni kipenyo cha .240 na jouli 2,300 hivi, na .243 inapita. Ujerumani ni wakali zaidi: roe ni jouli 1,000 zikipimwa mita 100, lakini wanyama wengine wenye kwato wanadai kipenyo cha milimita 6.5 na jouli 2,000. Huko hata .243 inabaki nje, jambo ambalo kwangu ni kuzidisha.

Mzee wa Upepo
Msiisahau hatari ya .22 kwa binadamu. Watu wanaichukulia kama manati, kumbe inaruka zaidi ya kilomita moja na nusu, na ikigonga maji au jiwe inadunda kwenda isikojulikana. Mlio wake mdogo nao majangili wanaupenda sana.

Mtutu Mwembamba
Sawa mzee. Basi tuwapime wapigaji. Norway anayetaka kuwinda wanyama wakubwa anafanya mtihani wa shabaha kila mwaka. Anayefaulu kwa .223 aachiwe paa wake.

Mfuatanyayo
Norway wanapima mpigaji na bado wameweka kiwango cha nguvu ya risasi. Kimoja hakijafuta kingine. Kwenye mtihani shabaha imesimama na umbali unajulikana. Porini paa anapiga hatua wakati kidole kinabana triga, na risasi iliyokusudiwa mapafu inaangukia bega au utumbo. Nikubali .223 kwa paa kwa sharti hili: kichwa kisichopasuka, mtutu unaokituliza, na mwisho mita 100. Sasa niambieni, hizo mita 100 nani atazisimamia huko vichakani?