Tupeane uzoefu: Mtaa wa Samora, Dar. Wewe unaukumbuka kwa lipi?

Wakuu, wanaostahili shikamoo shikamooni. Juzi tumeshuka Posta Mpya na mwanangu wa darasa la tatu, tukafika kwenye ile Sanamu ya Askari, akaniuliza: "Baba, yule askari anamlenga nani?" Nimekwama. Mtu mzima, napita pale tangu enzi za mabasi ya Ikarus ya UDA, nilichokuwa najua ni kwamba singe, kile kisu cha mbele ya bunduki yake, imeelekea bandarini. Basi mwenye kisa chochote cha Samora amwage hapa.

MZAWA WA GEREZANI
Mkuu, huo mtaa umebadili majina kama mtu anayekimbia madeni. Mjerumani aliuita Unter den Akazien, Mwingereza akaja na Acacia Avenue, tukapata uhuru ukawa Independence Avenue, halafu ndiyo akapewa Samora Machel. Haki yake, maana Frelimo yenyewe, chama chake cha ukombozi wa Msumbiji, ilizaliwa hapahapa Dar mwaka 1962. Babu yangu lakini hakubadilika, mpaka anaingia kaburini yeye ni "Akesia" tu. Ukimtuma dukani Samora anakuuliza ndiyo wapi huko.

MAMA WAWILI
Mimi ni Mnara wa Saa, ule uliojengwa 1961 Dar ilipofanywa jiji. Baba watoto alinipa miadi pale saa nane mchana. Katokea saa kumi! Umechelewa saa mbili chini ya saa, utajitetea vipi? Nikaolewa naye hivyohivyo.

MPENDA TAUSI
Bustani ya mimea kule mwisho, iliyoanzishwa na Mjerumani Stuhlmann 1893. Tulikuwa tunatoroka kipindi cha mchana tukafukuze tausi. Sina la zaidi.

MTOTO WA MTAA WA KONGO
Narudi kwa yule askari, maana hapo pana jambo. Mimi nilikuwa nanunua vitabu vya mitumba vya wale wa chini pale Samora, siku moja mvua ikanishika, nikawa sina la kufanya ila kusoma kibao cha sanamu. Kimeandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili na herufi za Kiarabu, maneno ya Kipling, yule mwandishi Mwingereza. Kinawataja wapagazi, kwamba wao ndio walikuwa miguu na mikono ya jeshi katika vita vya 1914 hadi 1918. Nikazunguka sanamu nzima kumtafuta mpagazi. Hayupo! Yuko askari peke yake na bunduki. Waliobeba mizigo porini wakafa kwa njaa na homa wamepewa mstari wa maandishi. Na sisi tunaoishi Kariakoo tunalitaja jeshi lao kila siku bila kujua, maana jina Kariakoo limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi.

MNAIROBI
Hapa kwetu Kenyatta Avenue wamesimama watatu, na mpagazi yumo. Ni mchongaji yuleyule, ya kwenu ya 1927, yetu ya 1928. Kumbe nyinyi mlibaniwa?

MTOTO WA MTAA WA KONGO
Tulibaniwa, ndugu yangu.

MWANZISHA MADA
Aisee. Mimi nilidhani mtaleta habari za mkahawa wa Salamander na maghorofa tu. Jumamosi namrudisha mtoto pale, asome kibao mwenyewe kwa sauti, halafu tupande daladala tukashukie Kariakoo. Swali la singe naona bado ananidai.