Naomba ushauri: nimjibuje anayesema kazi yangu ni "chokaa tu"?

Wadau, habari za saa hizi. Mimi ni fundi wa majumba ya kale hapa Bagamoyo, yale ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Kila nikikaa barazani ukweni, shemeji yangu mkubwa hanikosi: "Chokaa nayo ni ufundi? Si upige saruji yaishe!" Watu wanacheka, nami nacheka kwa adabu.

Sasa jambo lenyewe halielezeki kwa sentensi moja. Ukuta wa matumbawe hufyonza maji ya ardhini yenye chumvi, na chokaa huuacha unyevu utoke taratibu. Ukiuziba kwa saruji, unyevu unakwama, chumvi inaganda nyuma ya plasta. Masika yakipita mara kadhaa plasta inatuna; ukiigonga inalia kama debe tupu, kisha inabanduka na ngozi ya jiwe. Hata msikiti wa kale wa Kaole, wa karne ya 13, ulijengwa kwa matumbawe na chokaa.

Nikieleza haya naonekana najigamba. Nikinyamaza, mwenye nyumba aliyekaa pembeni anasikia na kwenda kununua saruji (hili ndilo linaloniuma zaidi, si kuchekwa). Kumjibu kwa ukali siwezi, ni kaka wa mke wangu.

Nyie ambao fani zenu zinadharauliwa, walimu, wapiga picha, wakalimani, mnajibu nini kifupi bila kumvunjia mtu heshima mbele za watu? Au nimsubiri tukiwa wawili tu?