Natafuta spea za kuaminika za usukani na springi za Land Rover Series III hapa Tanga

Mwenye 109 (Chumbageni)

Assalamu alaykum wakuu. Ninayo Land Rover Series III ya chasisi ndefu, ile ya inchi 109, ambayo baba yangu mdogo aliitumia shambani Muheza na sasa imekuwa yangu. Injini yake ya petroli ya lita 2.25 haina tatizo. Shida iko mbele: nikifika kilomita 60 kwa saa kwenye lami ya Pongwe na gurudumu likakanyaga kiraka, usukani hutetemeka mpaka nipunguze mwendo, na nikishakata kona haurudi wenyewe, bali lazima niurudishe kwa mikono.

Fundi amependekeza tubadilishe boli jointi zote sita (viungo vya ncha za fimbo za usukani), bushi za springi, springi za mbele na shokapu. Dukani Ngamiani nimeonyeshwa boli jointi za aina tatu: zisizo na jina wala namba yoyote, zenye boksi la kupendeza lakini chuma chake hakina alama, na za mtumba zilizotolewa kwenye gari lililokufa. Naomba ushauri wa wenye uzoefu: ni spea zipi nisikubali chochote pungufu ya orijino, zipi zinaweza kutengenezwa hapa hapa, na nizitafute wapi?

Fundi wa Duga

Wa alaykum salaam, kijana wangu. Usinunue kitu kabla hujajua kilichochakaa, kwa sababu dalili ulizoeleza ni mbili na huenda zina vyanzo viwili. Kwanza hakikisha matairi ni mazima na yamefanyiwa balansi. Kisha mtu mmoja atikise usukani kidogo kidogo, gari likiwa chini, nawe upitishe mkono kwenye kila boli jointi. Iliyolegea utaihisi kwenye kiganja. Baada ya hapo pandisha ekseli kwa jeki, weka stendi, ushike tairi juu na chini na kulitikisa. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea, beringi ya gurudumu ndiyo imelegea. Ukibaki, tatizo liko kwenye pini za swiveli, yaani pale gurudumu linapogeukia.

Gari lako lina bushi ya Railko juu na beringi ya koni chini. Hiyo Railko ni nyuzi zilizogandishwa kwa resini, na iliwekwa makusudi ili ilete ugumu kidogo unaozuia mtetemo. Ikiisha, hata boli jointi mpya zote sita hazitakusaidia. Usukani kutorudi wenyewe ni jambo jingine: hapo mimi ningetazama relei ya usukani, yaani kiungo kinachopokea mgeuko wa usukani na kuupeleka kwenye magurudumu, kilichosimama ndani ya boriti ya mbele inayokingama chasisi. Ikikauka oili huwa nzito, na gari lililolala karibu na bahari hushikwa na kutu mpaka relei na chasisi vinakuwa kitu kimoja.

Dada wa Raskazone

Kaka, kuhusu ubora nitasema kwa upana kidogo, kwa kuwa mimi ndiye ninayeagizia mume wangu spea za gari kama hilo. Boksi lisikudanganye. Boli jointi inayostahili kuaminiwa huwa na alama ya mtengenezaji kwenye chuma chenyewe, nyuzi zake ni safi, mpira wake hauna nyufa hata ukiukunja, na ukiizungusha kwa mkono hukaza sawasawa bila kuruka wala kulegea mahali pamoja. Lemförder ni jina la kutafuta kwa boli jointi, na Timken kwa beringi za koni. Za mtumba usiziguse. Hakuna anayejua zimebeba mzigo gani, na jointi ikichomoka barabarani usukani haukuhusu tena.

Kumbuka pia kwamba kila fimbo ina jointi moja ya nyuzi za kulia na moja ya nyuzi za kushoto, kwa hiyo kwa fimbo zako tatu unahitaji tatu za kila aina. Muuzaji anayekuambia "zote ni sawa tu" hajui anachouza. Agiza kwa namba ya spea kutoka kwenye katalogi, ukilinganisha na namba ya chasisi, na mwombe picha ya spea yenyewe nje ya boksi. Vitu vidogo kama Railko, beringi na sili vinaweza kuja kwa ndege kutoka Uingereza bila kukuumiza sana. Springi ni nzito mno kwa njia hiyo. Uliza kwanza Gerezani kule Dar es Salaam, au Mombasa kwa kupitia Horohoro, ukiweka ushuru kwenye hesabu yako tangu mwanzo.

Mkulima wa Pangani

Mimi springi sinunui. Nazifungua, nasafisha kutu kati ya pleti, fundi chuma anazipiga upya, na gari linabeba nazi kama kawaida.

Fundi wa Duga

Mkulima, kupiga bila kuichoma na kuipoza chuma kwa utaratibu hurudisha umbo tu, na baada ya muda mfupi springi hulala tena au pleti hukatika. Kama fundi chuma anajua kazi hiyo, sipingi. Kinachokatazwa kabisa ni kufungua boli jointi na kuijaza nailoni.

Mwenye 109, ukinunua springi mpya, fahamu kwamba ya upande wa dereva haifanani na ya upande wa pili. Ina mkunjo mkubwa zaidi. Na bushi zake zina mpira ulioshikana na chuma, kwa hiyo bolti zisikazwe mpaka gari lishushwe na kukaa kwa uzito wake. Zikikazwa ekseli ikiwa inaning'inia, mpira hubaki umejipinda na kuchanika mapema, kisha lawama huangukia spea.

Mwenye 109 (Chumbageni)

Nawashukuru sana. Tumepima: kulia mchezo ulibaki hata breki ilipokanyagwa, na ni boli jointi mbili tu zilizolegea. Naagiza Railko, beringi na sili za pande zote mbili pamoja na jointi hizo, springi zitasubiri. Relei haijaganda ila ni nzito. Fundi anataka kuifungua. Je, nimruhusu?

Fundi wa Duga

Asiifungue bado. Ng'oeni bolti mbili za juu yake, moja iwe ya kumiminia oili ya EP90 na nyingine ya kutolea hewa, mmimine polepole mpaka ijae, kisha mgeuze usukani mara nyingi huku na huku. Ikibaki nzito, nunueni nzima. Ndani yake mna springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa, na anayeigonga nje bila kuizungushia kizuizi imara anaweza kupoteza jicho. Swiveli nazo mkizifunga, shimu (vipande vyembamba vya chuma vya kurekebisha ukazo) zipangwe kwa kupima ukazo kwa mizani ya springi kabla sili na fimbo ya usukani hazijarudishwa, si kwa kukisia kwa mkono.