Mjadala: Mombasa inunue mashine ya altrasaundi ya ngozi?

Mzazi, Likoni
Assalaam aleikum jamaa. Kuna tiba inayosifiwa siku hizi, altrasaundi ya kulenga, inayochoma madoa ya ngozi yanayoweza kugeuka saratani bila kutumia kisu. Wapo wanaotaka kaunti iitengee pesa kwenye bajeti kwa ajili ya watoto wenye ualbino. Mimi ni mama wa mmoja wao, ana miaka 14, na ninapinga: afadhali pesa hizo ziende kwa daktari wa ngozi, losheni ya kukinga jua na kofia. Mwaka jana nilivuka feri mara tatu kumpeleka aangaliwe gamba gumu lililomtoka sikioni. Mara zote tatu nikaambiwa daktari wa ngozi hayupo. Mashine ingemfaa nini mwanangu siku hizo?

Fundi wa mitambo ya hospitali, Tudor
Waaleikum salaam dada, pole sana. Lakini tusiikatae tiba kabla ya kuielewa. Altrasaundi anayopimwa mja mzito ni mawimbi dhaifu. Hii hukusanya mawimbi yote kwenye nukta moja, kama watoto wanavyokusanya jua kwa kioo mpaka karatasi ikashika moto. Zile za ngozi hutumia megahetsi 20, yaani mitetemo milioni 20 kwa sekunde, na mawimbi ya kiwango hicho hayazami mbali: joto huishia milimita moja au mbili hivi. Pigo moja halifiki hata sekunde. Hakuna kushonwa. Tena leza, yaani tiba ya mwanga mkali, hunaswa na rangi ya ngozi, ndiyo maana mtu mweusi huweza kuunguzwa vibaya, lakini mawimbi ya sauti hayanaswi na rangi. Marekani iliidhinisha altrasaundi ya kulenga kwa uvimbe wa kizazi mwaka 2004, na kwa ugonjwa wa kutetemeka mwaka 2016. Si jambo lililoanza jana.

Muuguzi, Kisauni
Kaka, hizo ni mashine za kizazi na za ubongo. Za ngozi zimejaribiwa kwa wagonjwa wachache tu, wengi wao Wazungu wa Ulaya. Na hata kama sauti haichagui rangi, joto likishaunguza ngozi nyeusi laweza kuacha baka.

Lakini hilo si kubwa. Mtu mwenye ualbino aliyekulia katika jua hili letu hana gamba moja. Uso, masikio, shingo, migongo ya mikono, ngozi yote hiyo imekwisha haribika, na magamba unayoyaona ni yale yaliyotangulia kutokeza. Mashine hupiga doa moja moja. Krimu ya fluorourasili, dawa inayoua seli zilizoharibika, hupakwa eneo zima, mara mbili kwa siku, wiki mbili hadi nne, ikayafikia hata yaliyojificha. Najua inatesa. Uso huwa mwekundu, ukachubuka, na wengi huiacha katikati kwa kuwa hakuna aliyewaeleza mapema kwamba ndivyo inavyofanya kazi.

Na liko linalonitia hofu zaidi. Doa likichomwa, hubaki na kipande gani cha kupeleka maabara? Kama tayari lilikuwa saratani, umeifunika juu, huku chini inaendelea kutambaa. Mwenye jicho la kutofautisha gamba na saratani ndiye tuliyemkosa hapa, kabla ya mashine yoyote.

Kijana mwenye ualbino, Kongowea
Naomba nami nisikike, maana ngozi inayozungumzwa ni yangu. Nauza matunda sokoni. Nimechomwa kwa nitrojeni ya maji mara nyingi, usoni na mikononi. Ile ni baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Hutoa malengelenge, halafu kwa siku kadhaa kila mteja anakuuliza una nini. Kwa hiyo dada zangu, msiniambie losheni na kofia zinatosha. Zinakinga, lakini madhara ya utotoni nimekwisha yapata. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wenye ualbino 9,729 Kenya nzima. Kwa idadi hiyo, kwa nini tuambiwe tuchague losheni au tiba?

Fundi, Tudor
Hoja ya maabara nimeikubali, muuguzi. Sikuwa nimeifikiria hivyo. Basi nabadilisha pendekezo: kaunti isinunue. Iwaalike watafiti waje na mashine yao, wawape watu wetu nafasi ya kujaribu kwa hiari, chini ya kamati ya maadili, na doa lolote la kutiliwa shaka likatwe kipande kwanza.

Mzazi, Likoni
Neno "kujaribu" linanichoma, nisifiche. Watoto hawa wametazamwa kama vitu vya ajabu vya kutosha. Wangu hataingia. Akitimiza 18 ataamua mwenyewe.

Kijana, Kongowea
Mama, nakuelewa kabisa. Mimi nitaingia, lakini kwa masharti: watafiti wakifunga mizigo yao, daktari wa ngozi abaki, na nipewe maandishi yanayosema nani atanitazama baada ya mwaka mmoja, na baada ya mitano.

Muuguzi, Kisauni
Hilo la miaka mitano liandikwe kwenye maoni ya bajeti pia. Kliniki ya ngozi kila mwezi, upande wa kisiwani na ng'ambo ya feri, krimu iwepo, tangi la nitrojeni lijazwe. Mzazi, lile gamba la sikioni liliangaliwa hatimaye? Kama bado, mlete Jumatatu. Nitamwangalia mwenyewe na kumwandikia rufaa.