Samaki tuliyeuziwa kama papa anazidi tangi lake: nimhamishie wapi?

Mkazi wa Nzuguni:
Wanajukwaa, salaam. Mwaka jana nilimnunulia mwanangu samaki mwenye urefu wa kidole katika duka moja la Dar es Salaam, na muuzaji akatuhakikishia kuwa ni papa wa maji baridi ambaye hawezi kuzidi ukubwa wa tangi analofugwa. Sasa amefikia sentimita 30, ilhali tangi letu la kioo lina urefu wa sentimita 90, upana wa 40 na kina cha 45, yaani takriban lita 160. Ana rangi ya fedha yenye mistari myeusi ubavuni, hana magamba, na ana ndevu fupi mdomoni. Taa ikiwashwa ghafla hukurupuka na kujibamiza kwenye kioo, hata ncha ya pua imechubuka ikawa nyekundu. Je, tangi la sentimita 150 litamtosha, ikizingatiwa kwamba huku Dodoma maji huja kwa zamu na umeme hukatika?

Fundi wa Matangi:
Ndugu mleta mada, huyo si papa. Papa wa kweli ana matundu ya matamvua matano hadi saba kila upande, yaliyo wazi, na karibu wote huishi katika maji ya bahari. Wako ana kifuniko kimoja cha matamvua na ndevu, kwa hiyo ni jamaa wa kambale. Kwa maelezo yako ni pangasiasi, samaki wa mito ya Mekong na Chao Phraya huko Asia, ambaye Vietnam hufugwa kwa wingi kwa ajili ya minofu. Akikomaa anaweza kufikia mita 1.3 na uzito wa kilo 44.

Madai kwamba samaki hukua kulingana na tangi yamewaponza wengi. Katika tangi dogo kinachopunguza kasi ya ukuaji ni uchafu unaolimbikizana majini pamoja na mfadhaiko, na mara nyingi samaki wa namna hiyo hufa mapema. Tangi la sentimita 150 utalitumia kwa muda mfupi tu, kisha utarudi hapa kuuliza swali hilihili, kwa sababu samaki wa mita moja hawezi hata kugeuka vizuri ndani yake. Aidha, pangasiasi huishi kwa makundi na huona hafifu, ndiyo maana akiwa peke yake nyuma ya kioo hushtuka kwa kila kivuli. Ushauri wangu ni bwawa la saruji uani au kumpa mtu mwenye bwawa, na fedha za tangi usizitoe kabisa.

Mama wa Ihumwa:
Nakubaliana na Fundi, ila kaka yangu asikimbilie kuchimba kabla ya kupiga hesabu. Bwawa la mita 4 kwa 2 lenye kina cha mita 1.2 linabeba lita 9,600, na kwa maji ya zamu hiyo si kazi ya siku moja. Maji ya visima vya huku ni magumu na yana chumvichumvi, jambo ambalo samaki huyu hulivumilia kuliko klorini, ile dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba. Kwa hiyo maji ya bomba yakae kwanza kwenye simtanki lililo wazi, yakipuliziwa hewa, kabla ya kuingizwa bwawani. Saruji mpya nayo hutoa chokaa inayomwunguza samaki, hivyo bwawa lijazwe na kumwagwa mara kadhaa kwanza.

Shida kubwa ni usiku wa Juni na Julai, joto la hewa linaposhuka hadi karibu nyuzi 14, wakati samaki huyu anataka maji ya nyuzi 22 na zaidi. Kina husaidia na turubai la plastiki usiku husaidia, lakini bila hita bado ni kubahatisha. Umeme ukikatika yeye mwenyewe anaweza kuja juu na kuvuta hewa kama kambale, ila bakteria wa kwenye chujio wanaoondoa amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, hufa maji yakisimama kwa saa nyingi, hivyo pampu ya betri ni ya lazima.

Mvuvi Mstaafu:
Naongeza jambo moja tu. Asije mtu akakushauri kumwachia katika bwawa la Hombolo au Mtera. Samaki mgeni anaweza kuwamaliza wenyeji: sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi za furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, zikatoweka. Kama hakuna wa kumchukua, pangasiasi ni samaki wa kuliwa, alimradi hajawahi kutiwa dawa za akwariamu.

Mkazi wa Nzuguni:
Nawashukuru wote. Kumla mwanangu hatakubali. Nimeongea na mfugaji wa Morogoro mwenye bwawa lililozungushiwa ukuta, ambako joto ni zaidi kuliko huku, na yuko tayari kumpokea. Nimsafirishe vipi, na ile pua niifanyeje?

Fundi wa Matangi:
Usimlishe siku moja kabla ya safari, ili asichafue maji njiani. Tumia pipa la plastiki lenye mfuniko, kwa sababu gizani hutulia, ukiweka maji ya tangi lake mwenyewe na pampu ya betri. Mkifika, mchanganyie maji ya bwawa kidogo kidogo kabla ya kumwachia. Kuhusu pua, hadi siku ya safari badilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili, funika pande tatu za kioo kwa karatasi nyeusi, na uwashe kwanza taa ya chumba, kisha ndipo ya tangi.