Wadau wa Arusha na Moshi, hizi nafaka nzima mnazipikaje mpaka zinalika?

MamaWawili_Sakina
Habari za jioni wapendwa. Baba mkwe yupo kwangu hapa Sakina, katoka Machame, ana sukari na presha nayo inampanda panda, kule kliniki wakamwambia apunguze sembe na wali mweupe ale nafaka ambazo hazijakobolewa. Mi nikaona hii kazi ndogo, nikashuka soko la Kilombero nikabeba mtama, ulezi, uwele, ngano nzima, mchele wa brauni na mahindi ya dona, sa hivi nimekaa naziangalia tu sijui naanzia wapi. Nikichemsha pamoja mchele unageuka bokoboko wakati mtama bado unagonga meno. Nikisaga zote pamoja ugali unatoka mweusi tii unanata kwenye mwiko, mzee kauangalia weee afu akaniambia kwa upole kabisa "mama, mtama kwetu tuliwapa kuku". Akanywa maji akalala.

Watoto nao ndo hao hao wakimwona babu yao hali na wao wanasukuma sahani. Mume wangu hana neno ila namwona anachelewa kurudi na akirudi kashakula chipsi.

Naomba msaada kwa anayejua: nachanganyaje zikaiva sawa? Na huu unga wa lishe wa nafaka tisa unaouzwa mtaani naweza kumpa mzee awe anakunywa uji asubuhi? Msinitukane tafadhali.

Mangi_wa_Mbuyuni
😂😂 Mzee wa Machame unamsongea ugali wa ulezi! Shemeji yeye ulezi anaujua kwenye pombe ya mbege tu huko kwingine ni uonevu. Ngoja wenye akili waje.

DadaNjiro
Pole mdogo wangu. Acha kwanza kusaga kila kitu. Mgonjwa wa sukari punje nzima inamfaa kuliko unga maana tumbo linachelewa kuivunja, ukisaga laini hata kama ni dona sukari inapanda haraka zaidi kuliko ukila hiyo nafaka ikiwa punje. Sasa kuhusu kuiva. Mtama na ngano nzima loweka usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji, weka maji mapya kama vikombe vitatu kwa kikombe kimoja cha nafaka, bandika hizo mbili PEKE YAKE. Zikishachemka kama nusu saa ndo unatia mchele wa brauni, huo nao unataka kama dakika 40, unaongeza maji ya moto kidogo kidogo usitie ya baridi. Uwele una haraka unaingia dakika 25 za mwisho. Ulezi usiutie humo kabisa, vile vipunje vidogo vinazama chini vinaungua, wenyewe ni wa unga tu.

Na kumbuka Arusha tupo juu, mita 1400 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95 haifiki 100, kwahiyo ukisoma mapishi ya watu wa Dar ongeza muda. Kama una presha kuka itumie, gesi yako itakushukuru.

Ikishaiva iunge kwa kitunguu, karoti, hoho, ndimu kidogo juu. Inalika kama pilau ya kichovu hivi lakini inalika.

Mashine_Kiborloni
Nami niseme kidogo maana nasaga kila siku naona wamama wanavyoharibu nafaka zao. Kwanza mkija na nafaka zimechanganywa kwenye ndoo moja mnatupa shida, chekeche ya mahindi ina matundu makubwa, ulezi unapita humo haujasagika vizuri ndo mnasema unga una mchanga. Leta ulezi peke yake tukubadilishie chekeche ya matundu madogo, uchanganye nyumbani ukiwa unga. Pili, unga ukitoka kwenye mashine ni wa moto, mtu anafunga kiroba hapo hapo anaondoka. Ukifika nyumbani umwage kwenye turubai safi au sinia uutandaze upoe kabisa ndo uufunge, la sivyo unatoa jasho ndani ya kiroba unaota ukungu. Tatu dona halikai. Kile kiini cha mahindi kina mafuta, baada ya muda unga unakuwa mchungu, saga wa wiki mbili tatu tu basi, anayekuja na gunia zima huwa namrudisha na nusu.

Na kabla hujaleta chambua. Mtama na ulezi wa sokoni una vijiwe, vile vidogo vya rangi ile ile. Ulezi upepete kwenye ungo afu uoshe kwenye maji mengi, unaukoroga unautoa juu juu kwa kiganja unaacha mawe chini ya beseni, halafu uanike ukauke haswa. Meno ya mzee ni ya kulindwa.

Tajiri_wa_Lishe
Mnasumbuka bure, nafaka zikiwa nyingi ndo virutubisho vinakuwa vingi, mimi nyumbani uji wetu una mahindi, mtama, ulezi, uwele, ngano, mchele, soya, karanga, na mbegu za maboga. Hatuugui.

Nesi_mstaafu_Moshi
@Tajiri mwanangu hapo ndo tunapopishana. Miaka yote kliniki ya watoto nimewaambia wamama hivyo hivyo, wingi wa nafaka haukuongezei kitu cha maana, mahindi mtama na uwele ni ndugu moja, vinampa mtu wanga na vitu vinavyokaribiana. Mbili zinatosha, tatu kama unapenda, afu protini uilete pembeni, maharage, dagaa, maziwa, yai. Kwenye huo mchanganyiko mimi naogopa karanga na mahindi, hivyo ndivyo vinavyoongoza kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu, na ikishasagwa hamuoni tena ipi ilikuwa na ukungu ipi haikuwa nao. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa hiyo hiyo sumukuvu ya kwenye mahindi, na kupika hakuitoi. Soya nayo ikisagwa mbichi inazuia mwili kumeng'enya protini, lazima ichemshwe au ikaangwe kwanza, huyo wa mtaani unajua alifanya?

Kwahiyo mama @MamaWawili unga wa tisa achana nao, tengeneza wako. Na kwa baba yetu uji usiwe ndo chakula chake cha asubuhi, uji ni unga laini uliolainishwa tena kwa maji, na Mchaga gani atakunywa uji bila sukari? Akiutaka sana basi kikombe kidogo, mzito, na maziwa mgando badala ya sukari.

Jingine watu hawalisemi. Mtama ni wanga, dona ni wanga, brauni ni wanga. Nimeona wagonjwa wanaambiwa dona wanakula mlima wa dona wanashangaa kipimo kinasoma juu. Ugali wake uwe kama ngumi yake mwenyewe, nusu ya sahani iwe mnavu, mchicha, figili, chochote cha kijani. Na chai asinywe na chakula, asubiri saa moja hivi, inazuia madini ya chuma. Na kama anatumia dawa za sukari mwambieni daktari wake kwamba mmebadilisha chakula, dozi inaweza kuhitaji kuangaliwa.

Tajiri_wa_Lishe
Sawa mama nimekuelewa kwenye karanga. Kwenye ladha ya uji wangu sikubali.

MamaWawili_Sakina
Jamani asanteni, mmenifungua. Nesi shikamoo. Swali dogo, nikichemsha mtama na ngano naweza kutia magadi ziive haraka kama tunavyofanya makande? Gesi inaniumiza.

Nesi_mstaafu_Moshi
Marahaba. Magadi hapana, ana presha, magadi yana sodiamu kama chumvi tu, na yanaua vitamini B ambazo ndo ulizifuata kwenye hiyo nafaka nzima. Loweka muda mrefu inatosha.

Chalii_wa_Ngaramtoni
Mi sio mpishi ila huyo mzee hamtamlisha kwa kumwambia hiki ni cha sukari, mzee yeyote ukimwambia hivyo amekataa hapo hapo. Mpe makande bana. Ila sio haya ya mahindi yaliyokobolewa ya sokoni, chukua mahindi na ganda lake, yaloweke na maharage, nusu ya mahindi toa weka mtama. Kitunguu, nyanya, karoti, nazi usiweke nyingi. Akikaa mezani anaona makande anakula makande, habari ya kuku haipo. Huku kwetu bibi zetu loshoro ile ya mahindi na mgando wanaitilia na mtama siku hizi, babu anamaliza bakuli anauliza kama imebaki. Hujamdanganya mtu, umepika tu.

DadaNjiro
Hii ya Chalii ndo jibu 👏 na chapati kwa watoto: unga wa ngano nzima sehemu tatu, wa ulezi sehemu moja, maji ya uvuguvugu, uache ulale nusu saa. Usizidishe ulezi maana hauna ule uvutano wa ngano chapati itapasuka ukiikunja. Zinatoka za rangi ya chokoleti, mi wangu wanazigombania.

MamaWawili_Sakina
Nimeloweka makande yenye mtama usiku huu, kesho ntaleta mrejesho. Mtama niliochukua ila una vumbi sana, na nimeona duka moja la pembejeo wana mtama msafi mzuri umepakiwa, nikanunue huo?

Mashine_Kiborloni
USINUNUE. Huo wa pembejeo ni wa mbegu, umepakwa dawa ya wadudu na ukungu, ndo maana unaona una rangi ya pinki au nyekundu. Hata ukiuosha haufai kuliwa, wala kuku usiwape. Nunua wa chakula kwa wauza nafaka, chukua kiganjani unuse, ukinuka uvundo acha, uking'ata punje ikatoa mlio ni mkavu beba. Vumbi ni la kupepeta tu.

Mangi_wa_Mbuyuni
Mrejesho usisahau. Na kwenye makande uniwekee yangu.